Kupokea, Kuhifadhi, Kutoa: Jinsi Kumbukumbu ya Mtu Mzima Inavyolindwa

Neno "kusahau" limebebeshwa mzigo usio wake. Mzee mmoja amekwama kwenye jina la jirani, liko kwenye ncha ya ulimi na halitoki. Bibi mmoja anauliza swali lile lile kwa mara ya nne ndani ya saa moja. Mzee mwingine aliambiwa siku ya kurudi kliniki, naye anaapa hakuambiwa. Nyumbani wote watatu huitwa wasahaulifu, na huenda wakanunuliwa vidonge vya aina moja. Ndani ya ubongo, hata hivyo, hayo ni matukio matatu yasiyo na undugu. Wa kwanza anayo habari ila ameshindwa kuitoa ilikohifadhiwa. Wa pili aliipokea lakini haikuhifadhiwa. Wa tatu pengine haikumfikia kabisa, kwa sababu masikio yake yameanza kufifia na hakuna aliyegundua, hata yeye mwenyewe.

Ukitaka kujua ni hatua ipi inayolegea, anza kwa kutoa dokezo. Mtu akishindwa kutaja jina, mwambie herufi ya kwanza, au mtajie majina matatu achague. Akilidaka papo hapo, habari ilikuwa imehifadhiwa. Tatizo ni kuitoa, jambo linaloletwa na umri wa kawaida, uchovu au sonona. Dokezo lisiposaidia, na hata akitajiwa jina lenyewe aseme hajawahi kulisikia, kuhifadhi ndiko kunakoyumba. Kazi hiyo ya kuhifadhi habari mpya hutegemea hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo karibu na usawa wa masikio, na ndiko ugonjwa wa Alzheimer huanza mapema kuharibu. Jaribio la dokezo halitambui ugonjwa. Linasaidia tu kujua pa kutazama kwanza.

Watu wengi humaliza nguvu zao kwenye hatua ya tatu, ile ya kutoa: mafumbo ya maneno, michezo ya simu, vidonge vya "kuamsha akili". Ushahidi mzito zaidi uko kwenye hatua mbili za mwanzo, kupokea na kuhifadhi, tena katika mambo ambayo kwa kuyatazama hayafanani na kumbukumbu hata kidogo.

Asilimia 45 ina maana gani

Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la tiba la Lancet lilitaja visababishi 14 vya dimenshia vinavyoweza kurekebishwa. Dimenshia ni jina la jumla la hali ambapo kumbukumbu na fikra hudhoofika hadi mtu ashindwe kujiendesha maisha yake. Alzheimer ndiyo aina inayoongoza kwa wingi. Visababishi hivyo ni elimu ndogo utotoni, usikivu hafifu, uoni hafifu, lehemu mbaya (kolesteroli aina ya LDL) iliyozidi, shinikizo la damu, kisukari, unene uliokithiri, kutofanya mazoezi, sigara, pombe nyingi, majeraha ya kichwa, sonona, upweke na hewa chafu. Jopo lilikadiria kwamba vyote vikiondolewa, karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingezuiwa au kucheleweshwa.

Namba hiyo husomwa vibaya. Ni hesabu ya watu wote kwa pamoja, tangu utotoni hadi uzeeni. Haimwambii mtu wa miaka 70 kwamba akitimiza masharti yote hatari yake itapungua kwa karibu nusu. Elimu aliyoikosa akiwa na miaka minane haiwezi kurudishwa, na presha iliyompiga tangu akiwa na miaka 45 imeshaacha alama. Isitoshe, mengi kati ya hayo yalibainika kwa kufuatilia maisha ya watu, na ufuatiliaji wa aina hiyo hauthibitishi chanzo kwa uhakika ule wa majaribio. Kilicho wazi ni kwamba ubongo una akiba. Watafiti waliofuatilia masista 678 wa Kikatoliki nchini Marekani waliwakuta baadhi yao na uharibifu wa Alzheimer ulioenea ubongoni baada ya kufa, ilhali walipokuwa hai akili zao zilikuwa timamu. Uharibifu wa kiwango kile kile unaweza kumwangusha mmoja na kumwacha mwingine amesimama. Hatua zinazofuata zinalenga mambo mawili: kupunguza uharibifu unaoongezeka na kulinda akiba iliyobaki.

Mishipa ya damu kwanza

Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu sehemu moja ya tano ya nishati yote, na hauna ghala la oksijeni. Hutegemea damu ifike kila sekunde. Presha ikiwa juu kwa miaka mingi, mishipa midogo iliyo ndani kabisa ya ubongo hukakamaa kuta zake na kuwa myembamba. Vijiharusi vidogo hutokea bila kupooza mkono wala mdomo kupinda. Mtu hahisi kitu. Baada ya miaka, mwendo unakuwa mzito, mawazo yanachelewa na mipango midogo inamshinda.

Jaribio lililojulikana kama SPRINT MIND, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2019, liliwagawa watu zaidi ya 9,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea: kundi moja likatibiwa ili namba ya juu ya presha ishuke chini ya 120, jingine chini ya 140. Katika kundi la kwanza, udhaifu mdogo wa kumbukumbu, hali ambayo mara nyingi hutangulia dimenshia, ulipungua kwa asilimia 19. Kwa dimenshia yenyewe tofauti haikufikia kiwango cha kuthibitika. Wenye kisukari na waliowahi kupata kiharusi hawakuingizwa katika jaribio, kwa hiyo usichukue 120 kuwa sheria ya kila mtu. Mzee dhaifu anayeanguka ovyo anaweza kuwekewa lengo la juu zaidi, na huo ni uamuzi wa daktari anayemjua.

Presha nyingi zinazopimwa nyumbani hupimwa vibaya, na dawa huongezwa au kupunguzwa kwa kufuata namba zisizo za kweli. Nusu saa kabla ya kupima, asinywe kahawa, asivute sigara, asifanye kazi nzito. Aende haja ndogo kwanza, kwa kuwa kibofu kilichojaa hupandisha namba. Akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu sakafuni, asikunje nne, atulie dakika 5 bila kuzungumza. Mkono uwekwe juu ya meza, usawa wa moyo. Ukining'inia, namba itapanda. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya nguo, na uenee mkono wake: mkanda mdogo kwa mkono mnene hutoa presha ya uongo iliyo juu. Apime mara mbili, dakika moja katikati. Afanye hivyo asubuhi na jioni kwa siku 7, atupe vipimo vya siku ya kwanza, achukue wastani wa vilivyobaki. Wastani wa 135 kwa 85 au zaidi, kwa vipimo vya nyumbani, ni presha ya juu.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Mzee anayemeza dawa nyingi za presha anaweza kushuka ghafla akisimama, akaona giza, akaanguka na kugonga kichwa. Mpime akiwa amekaa, kisha dakika 1 na dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari aambiwe kabla ya dozi inayofuata kupangwa. Asijipunguzie dozi mwenyewe, na asiache dawa kwa sababu "presha imekaa sawa". Imekaa sawa kwa kuwa dawa inafanya kazi. Chumvi yote ya siku, pamoja na ile iliyofichwa kwenye vyakula vya viwandani, isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai.

Lehemu na sukari hutibiwa kwa mantiki hiyo hiyo, na hapa nitaongeza onyo moja tu kuhusu kisukari. Kuibana sukari kupita kiasi kwa mtu wa miaka 80 ni hatari kwa ubongo wake. Ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, kijana hutetemeka na kutoka jasho. Mzee mara nyingi huchanganyikiwa tu, akaongea yasiyoeleweka, na familia ikadhani "akili inaanza kwenda". Anayetumia insulini au dawa zinazolazimisha kongosho kutoa insulini apimwe sukari kila anapobadilika ghafla.

Mlango wa masikio

Usikivu hafifu unaoletwa na umri hauzimi sauti zote kwa pamoja. Hutangulia kuondoka sauti nyembamba: s, f, t, k, p, sh. Irabu hubaki. Ndiyo maana mzee husema, "Nakusikia, ila sikuelewi." Kwake "paka", "kata" na "pata" huwa karibu neno moja, na inabidi abahatishe kwa kuangalia midomo na mazingira. Ubongo hutumia nguvu nyingi kukisia neno, ukabaki na chache za kulihifadhi. Kisha hujitenga, kwa sababu kucheka vichekesho ambavyo hukuvisikia kunachosha, na upweke wenyewe ni kisababishi kingine.

Jaribio la ACHIEVE la nchini Marekani, lililotangazwa mwaka 2023, liliwafuatilia watu 977 wenye miaka 70 hadi 84 kwa miaka mitatu. Nusu walipewa vifaa vya kusaidia kusikia na huduma za mtaalamu wa usikivu. Kwa washiriki wote kwa jumla, vifaa havikupunguza kasi ya kudhoofika kwa akili. Lakini katika kundi la waliokuwa na hatari kubwa zaidi tangu mwanzo, kasi hiyo ilikuwa ndogo kwa asilimia 48. Kwa hiyo si muujiza kwa kila mtu. Ni msaada mkubwa kwa wale ambao tayari presha, kisukari na umri vinawasukuma upande mbaya.

Anza na lililo jepesi: masikio yakaguliwe kama yamejaa nta. Vijiti vya pamba havitoi nta, huishindilia ndani. Iachiwe muuguzi mwenye vifaa. Kama njia ni safi na bado haelewi, apimwe usikivu kwa mashine, kila sikio peke yake. Akipata vifaa, asivivae siku ya kwanza kwenye sherehe. Avivae saa mbili au tatu ndani ya nyumba tulivu, aongeze kila siku, na ndani ya wiki mbili hadi nne awe navyo tangu anapoamka hadi anapolala. Siku za mwanzo vijiko vinagongana kama kengele na sauti yake mwenyewe anaiona ngeni; ubongo umesahau kelele hizo na unahitaji muda kuzizoea. Kifaa kikipiga mluzi, aidha hakijakaa vizuri sikioni au kuna nta. Kikiumiza, kirudishwe kwa mtaalamu kirekebishwe. Vifaa vingi huishia kwenye droo kwa sababu mtu hakurudi kurekebishiwa, si kwa sababu havifai.

Na msemaji naye ana wajibu. Zima redio, simama mbele yake penye mwanga, ita jina lake kwanza, sema polepole kwa sauti ya kawaida. Kupiga kelele huongeza irabu, ambazo tayari anazisikia, na kuzivuruga konsonanti.

Macho yana hoja inayofanana. Utafiti wa mwaka 2022 uliofuatilia zaidi ya watu 3,000 wenye mtoto wa jicho ulikuta waliofanyiwa upasuaji walikuwa na hatari ndogo ya dimenshia kwa karibu asilimia 30. Ni ufuatiliaji, si jaribio, lakini upasuaji wa mtoto wa jicho una sababu ya kutosha hata bila hoja ya ubongo.

Mfuko wa dawa

Nikiambiwa nichague jambo moja la kufanya wiki hii kwa mzee ambaye kumbukumbu imeyumba ndani ya miezi michache, ningechagua hili: kusanya dawa zote anazotumia, za hospitali, za dukani na za kienyeji, zitie kwenye mfuko mmoja, zipelekwe kwa daktari au mfamasia.

Sababu iko hivi. Ili ubongo uhifadhi jambo, unatumia kemikali iitwayo asetilikolini. Kundi kubwa la dawa za kawaida huizuia: klofeniramini na difenhidramini za mafua, mzio na usingizi, amitriptilini ya maumivu ya neva na sonona, oksibutinini ya kibofu kisichotulia. Kwa kijana huleta kinywa kikavu na usingizi. Kwa mzee, ambaye figo na ini huziondoa polepole, huleta ukungu wa akili, mkojo kugoma, choo kigumu na kuanguka. Mbili au tatu zikikutana, kila moja ikiwa imeandikwa na mtu tofauti, athari hujumlishana. Diazepamu na jamaa zake hupita njia nyingine lakini huishia pale pale, na mtu aliyezitumia kwa muda mrefu asiziache ghafla. Dozi hupunguzwa kwa hatua, kwani kukata mara moja kunaweza kuleta degedege.

Hapo hapo daktari aombwe kuangalia mambo manne yanayojifanya dimenshia na yanayotibika: vitamini B12, kazi ya tezi ya thairoidi, upungufu wa damu, na sonona. Metformini ya kisukari ikitumiwa kwa miaka hupunguza B12 mwilini, jambo ambalo husahaulika mno.

Mwili unaotembea

Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la watu 120 wenye miaka 55 hadi 80. Waliotembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja, hipokampasi zao zilikua kwa takriban asilimia 2. Waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu, zao zilisinyaa kwa zaidi kidogo ya asilimia 1, kama kawaida ya umri. Majaribio yaliyofuata hayakutoa picha safi namna hiyo kila mara. Hata hivyo mazoezi hushusha presha, hushusha sukari, huboresha usingizi na hupunguza sonona, na hayo manne peke yake yanatosha kuyaweka mbele.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa wenye miaka 65 na zaidi ni dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, mazoezi ya misuli angalau siku 2, na ya kujimudu kusimama bila kuyumba angalau siku 3. Wastani maana yake unaweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba. Asiyetembea kabisa aanze na dakika 10 kwa siku, siku 5 kwa wiki, aongeze dakika 5 kila wiki. Wiki ya tano atakuwa kwenye 30. Wanaoshindwa wengi walianza na saa nzima siku ya kwanza, magoti yakavimba, wakaacha.

Kwa misuli, kiti kinatosha. Kiwe imara, kisicho na magurudumu, kimeegemezwa ukutani. Mikono ikunjwe kifuani, asimame hadi wima, akae polepole huku akihesabu hadi nne. Mara 8 hadi 10, apumzike dakika moja au mbili, arudie mizunguko miwili zaidi, siku zisizofuatana. Asiyeweza kusimama bila kushika, ashike mikono ya kiti, nguvu zitakuja. Kwa kutoyumba, asimame karibu na meza nzito, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, sekunde 10, apande hadi 30. Meza ni ya kudaka, isiwe ya kuegemea. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika ni amri ya kusimama na kwenda kupimwa.

Mazoezi haya ya kutoyumba yanalinda ubongo kwa njia isiyotajwa sana: kichwa hakigongwi. Kwa mzee, na zaidi kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, pigo dogo la kichwa linaweza kuvujisha damu polepole kati ya ubongo na fuvu. Dalili huja baada ya siku au hata wiki kadhaa: kuumwa kichwa, kusinzia, kuchanganyikiwa, mguu mmoja kukokota. Familia imeshasahau kuwa alianguka. Picha ya kichwa huonyesha, na wengi hupona wakitibiwa.

Usingizi

Katika usingizi mzito ndipo mambo ya mchana hupangwa na kuhifadhiwa. Utafiti uliofuatilia karibu watumishi wa umma 8,000 wa Uingereza kwa takriban miaka 25 ulikuta waliolala saa 6 au pungufu walipokuwa na miaka 50 na 60 walipata dimenshia zaidi, kwa kiwango cha karibu asilimia 30, kuliko waliolala saa 7.

Saa ya kuamka iwe moja kila siku. Saa ya kulala itajipanga yenyewe. Atoke kwenye mwanga wa asubuhi. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa na uishe kabla ya saa tisa alasiri. Akikaa macho kitandani kama dakika 20, aondoke, akae mahali penye mwanga hafifu hadi macho yalemee. Anayeamshwa na mkojo mara kwa mara amuulize daktari kama kidonge cha kupunguza maji mwilini kinaweza kuhamishiwa asubuhi. Anayekoroma kwa nguvu, akakata pumzi kisha akashtuka kama anayeibuka kutoka majini, anakosa oksijeni usiku kucha. Apimwe, kuna mashine ya kusukuma hewa puani inayosaidia. Pombe ya "kutafutia usingizi" humlaza haraka na kuuvunja usingizi saa chache baadaye. Jopo la Lancet liliweka hatari kwa wanaozidi uniti 21 kwa wiki, yaani gramu 168 za pombe halisi, lakini kiasi hicho si lengo la kufikia.

Sahani, vidonge na chanjo

Chakula kinastahili nafasi ndogo kuliko inayopewa. Mboga za majani kila siku, jamii ya kunde, samaki, karanga, nafaka zisizokobolewa, mafuta ya mimea badala ya mafuta ya wanyama: huo ndio mpangilio unaorudiwa katika tafiti. Lakini mpangilio maarufu wa aina hiyo, uitwao MIND, ulipowekwa kwenye jaribio la watu 604 kwa miaka mitatu, matokeo ya mwaka 2023 hayakuonyesha tofauti ya maana na kundi la kulinganisha, ambalo nalo lilishauriwa kupunguza chakula kidogo. Nafikiri faida yake hupitia kwenye mishipa ya damu, na miaka mitatu ni mifupi kuiona.

Kwa mtu aliyepita miaka 75, kosa la kawaida ni kula kidogo mno. Anahitaji protini ya gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 ahesabu gramu 60 hadi 72, zigawanywe kwenye milo yote, isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo aliyepewa kiwango chake. Kupungua uzito bila kukusudia kunaweza kuwa dalili ya dimenshia inayoanza. Kiu nayo hupungua na umri, kwa hiyo maji yanywewe kwa ratiba.

Vidonge: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri wazi kutotumia vitamini B, vitamini E, mafuta ya omega wala mchanganyiko wa virutubisho kwa lengo la kuzuia dimenshia. Ginko, inayouzwa kila mahali kama dawa ya kumbukumbu, ilijaribiwa kwa wazee zaidi ya 3,000 kwa miligramu 120 mara mbili kwa siku, na dimenshia haikupungua. Tena inaweza kuongeza kuvuja damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye upungufu wa B12 uliothibitishwa na kipimo ni habari nyingine, huyo atibiwe.

Chanjo ya mkanda wa jeshi imeleta habari isiyotarajiwa. Huko Wales, haki ya kuipata ilitegemea tarehe ya kuzaliwa: waliozaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1933 walistahili, waliozaliwa siku chache kabla hawakustahili. Watafiti walilinganisha pande mbili za mpaka huo, na mwaka 2025 wakaripoti kwamba katika miaka saba waliochanjwa walipata dimenshia pungufu kwa karibu asilimia 20. Panapopatikana chanjo hiyo kwa wazee, sababu ya kuichukua imeongezeka.

Kuufanyisha ubongo kazi

Mafumbo humfanya mtu awe hodari wa mafumbo. Jaribio kubwa la ACTIVE, la watu 2,832 wa miaka 65 na zaidi, lilionyesha kwamba kila zoezi huboresha kile kile kilichozoezwa; baada ya miaka 10, faida ya mazoezi ya kufikiri na ya wepesi wa akili ilikuwa bado inaonekana, ile ya mazoezi ya kumbukumbu haikuonekana tena. Kinachofaa zaidi ni kazi ngeni, yenye ugumu kidogo, inayofanywa na watu wengine: lugha mpya, ala ya muziki, kwaya, kufundisha wajukuu hesabu. Ndani yake mna kusikia, kuona, kujibu, kukosea na kurekebishwa.

Kwa jambo mahususi ambalo lazima likumbukwe, kama mahali pa dawa, tumia kurudia kwa kupanua muda. Mwambie: "Dawa ziko kwenye kabati jeupe." Muulize papo hapo. Muulize tena baada ya dakika 1, kisha 2, kisha 4, 8, 15. Akikosa, mpe jibu sahihi mara moja, usimwache abahatishe, kwa kuwa ubongo dhaifu huhifadhi na kosa vilevile. Rudi kwenye muda wa mwisho alioufaulu, kisha panda tena. Endelea kesho. Njia hii husaidia hata walioanza dimenshia.

Kufanya vyote kwa pamoja kuna ushahidi wake. Jaribio la FINGER la Finland, la mwaka 2015, liliunganisha chakula, mazoezi, mafunzo ya akili na udhibiti wa presha na sukari kwa watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77. Baada ya miaka miwili alama za akili za waliopewa huduma hizo zilipanda kwa asilimia 25 zaidi ya kundi la kulinganisha. Jaribio la POINTER la Marekani, lililotangazwa mwaka 2025, lilikuta makundi yote mawili yamepata nafuu, ila lile lililokutanishwa na kufuatiliwa mara kwa mara lilizidi lile lililopewa maelekezo likaachwa lijiendeshe. Kwa hiyo mtafutie mzee mwenza wa kutembea naye kabla hujamnunulia viatu.

Lisilosubiri

Akichanganyikiwa ndani ya saa au siku, akiwa mzima juzi, hiyo si dimenshia. Mara nyingi ni maambukizi ya mkojo au mapafu, maji kupungua, choo kuziba, dawa mpya au sukari kushuka, na anapaswa kuonwa siku hiyo hiyo. Mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kukwama ghafla ni kiharusi; hapo zinahesabiwa dakika.

Kwa mabadiliko ya taratibu, andika kwa mwezi mmoja: tarehe, alichosahau, kama dokezo lilisaidia, alilalaje, presha ilikuwa ngapi. Andika pia anayoyashindwa sasa ambayo mwaka jana aliyaweza, kama kuhesabu chenji, kupika mlo aliouzoea au kufika mahali anapopajua bila kupotea. Siku ya miadi aende na daftari hilo, mfuko wa dawa, miwani yake na vifaa vyake vya masikio vikiwa na betri. Mzee asiyemsikia mpimaji atapata alama za mgonjwa hata kama akili yake ni nzima.